Rafu Tuliyoiita Bunge

Siku hizi chumba cha mbele nimempangisha mama mmoja anayeuza vifuniko vya simu. Ni mpangaji mtulivu mno. Asubuhi anafungua, anapanga bidhaa zake, anakaa. Ukipita ukumbini unasikia saa ya ukutani. Miaka yote niliyoishi katika nyumba hii sikuwahi kujua kwamba saa ile ina sauti.

Chumba hicho kilikuwa karakana yetu ya redio, yangu na ya marehemu mume wangu. Mtaa mzima ulimwita Fundi, nami nilimwita hivyo hivyo, maana ndilo jina alilokuwa akiligeukia upesi. Yeye alijifunza kazi mezani kwa fundi mwingine. Mimi nilikwenda chuo cha ufundi nikatoka na stashahada ya elektroniki, na nilikubali kuolewa naye kwa sababu alikuwa mwanamume pekee ambaye hakuniuliza hiyo stashahada nitaipikia nini.

Tulikuwa na utaratibu ambao hatukuuvunja hata mteja akilia. Redio ikishatengenezwa haikutoka siku hiyo hiyo. Iliwekwa kwenye rafu ndefu ya ukutani, ikawashwa na kuachwa iongee kutwa, kwa sababu kuna ubovu unaojificha mpaka chombo kipate moto. Kwa hiyo rafu ile haikukosa redio sita au saba zinazoongea kwa mpigo, kila moja na kituo chake: taarifa ya habari, mpira, mahubiri, matangazo ya sabuni, na mchezo wa kuigiza ambao kila wiki mke alikuwa akifungasha kurudi kwao na hafiki. Fundi aliiita rafu hiyo Bunge. Mteja akija mapema aliambiwa, "Redio yako bado iko bungeni. Ina hoja haijamaliza."

Binti yetu wa pekee alilelewa chini ya Bunge. Alinyonya pale, akajifunza kusoma pale, akalala usingizi wa mchana kwenye mkeka chini ya meza ya kazi huku watu wanane wakibishana juu ya kichwa chake. Alipokuwa mdogo baba yake alimtumia kuvuta vituo vya mbali. "Shika hapa, mama, usitikisike," alimwambia, na mtoto alishika ncha ya antena kwa vidole viwili, na kituo kilichokuwa kikikwaruza kikaja kimenyooka. Mwili wa mtu hufanya hivyo, hakuna muujiza. Lakini kwake ilikuwa sifa kubwa, alisimama hapo kifua mbele kama askari wa gwaride. Wateja wakamwita Antena. Nasi tukawa Baba Antena na Mama Antena.

Alirithi mikono ya baba yake. Mimi kulehemu najua, lakini alama yangu ya risasi iliyoyeyushwa ilikuwa kama tone la uji. Ya binti ilikuwa ndogo, laini, inang'aa, kama imeota yenyewe. Alipomaliza chuo alirudi mezani kwetu, akapewa kiti cha katikati, na kuna wateja waliokuwa wakiuliza kwanza, "Antena yupo?" Asipokuwepo walisema watarudi.

Mambo yalianza madogo madogo, na kila moja lilikuja na maelezo yake. Aliacha kwenda kwa rafiki yake wa tangu shule; tukasema wamegombana. Alikuwa akibadilisha nguo mara mbili kwa siku, sasa akavaa ile ile mpaka nikamnyang'anya. Nikasema ni uvivu. Usiku alitembea, mchana alisinzia juu ya kazi. Alikivuta kiti chake kutoka katikati ya meza akakiegemeza ukutani, asiwe na mtu nyuma yake. Na alianza kucheka mahali ambapo hakuna aliyechekesha.

Wifi yangu, dada yake Fundi, alikuwa na jibu, kama kawaida yake.

"Huyo anataka mume."

"Wewe ulipompata mume uliacha kucheka peke yako?" nikamuuliza.

"Niliacha kabisa, wifi. Nikaanza kulia peke yangu."

Tukacheka sote watatu, mimi, yeye na Fundi, na Antena akacheka nasi, ila yeye aliendelea sisi tulipokwisha nyamaza.

Kisha asubuhi moja, akiwa amepinda juu ya meza, alisema bila kuinua kichwa, "Baba, ile ya tatu inanitaja."

"Inakutaja vipi?"

"Inasema nimekaa. Nikisimama, inasema kasimama. Nikishika koleo, inasema kashika koleo."

Mzazi mwingine angeshtuka. Sisi tulichukua bisibisi. Ndivyo tulivyokuwa: mtu akituambia chombo kinasema kisichotakiwa, tunakifungua. Fundi aliishusha redio ya tatu, akaitazama ndani, hakuona kitu, akabadilisha sehemu mbili kwa kuzishuku tu, akairudisha. Binti akasikiliza. "Sasa imehamia kwenye ya tano."

Tukaifungua ya tano.

Aliposema anasikia hata Bunge zima likiwa limezimwa, hapo ndipo stashahada yangu ilipofanya mambo kuwa mabaya zaidi. Nilijua, kwa sababu nilifundishwa, kwamba kipaza sauti kibovu kinaweza kunasa kituo cha redio bila mtu kukiomba. Waya mrefu, kiungo chenye kutu, hata bomba la maji likigusana vibaya na kitu kingine, vinaweza kutoa sauti hafifu karibu na mtambo wenye nguvu. Niliyaeleza hayo mezani nikiwa nimeshika kijiko, kwa raha kabisa, kama niko mbele ya darasa. Fundi akanisikiliza huku akiitikia kwa kichwa. Antena akanitazama kwa macho yaliyojaa shukrani. Mtu hatimaye alikuwa amemwamini.

Zikafuata wiki ambazo, Mungu anisamehe, naziwaza hadi leo kama wiki nzuri. Tuliwinda sauti. Tulichimbia ardhini waya mpya nyuma ya nyumba. Tulikaza viungo vya mabomba. Baba na binti walipanda juu ya paa kugonga bati moja moja, yeye amevaa koti kuukuu la baba yake lililomfika magotini, nami chini nimeshika ngazi.

"Hapo?" Fundi anauliza.

"Bado wanaongea."

"Na hapa?"

"Wamepunguza."

"Wamepunguza au wanapumua?"

Binti akacheka, kicheko chake cha zamani, na jua lilikuwa limeanguka upande mmoja wa uso wake. Nikadhani tunakaribia.

Siku moja nilikwenda kununua vipuri. Nikirudi, niko mbali bado na mlango, nikahisi kuna kitu kimekosekana barabarani na sikujua ni nini. Kwenye kaunta alisimama mwalimu mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi, kofia mkononi.

"Mama Antena," akasema, "Bunge limevunjwa?"

Hapo nikaelewa. Karakana ilikuwa kimya.

Nikaingia. Redio zote za kwenye rafu zilikuwa zimefunguliwa mgongo. Taa zake zilikuwa zinawaka, sindano za vituo zimesimama mahali pake, umeme unapita kama kawaida. Lakini spika zilikuwa zimetolewa. Alizipanga juu ya kitambaa safi, moja baada ya nyingine, na juu ya kila moja ameweka skrubu zake. Kazi nzuri. Hakukata waya hata mmoja ovyo. Naye alikuwa amesimama katikati ya chumba, kichwa amekiinamisha kidogo upande, anajibu kwa sauti ya chini: "Nimesikia. Nimesikia. Basi."

Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti.

"Mama," binti akaniambia, "nimewatoa wote na bado wanaongea."

Nilisimama na mfuko wa vipuri mkononi. Redio isiyo na spika haisemi. Hilo halihitaji stashahada.

"Wanasema nini, mwanangu?"

"Wanasema Mwalimu ametumwa anichukue. Wanasema nimfungie nje." Kisha akamgeukia baba yake, bila hasira yoyote, kama anayemweleza jambo la kazi. "Baba usihangaike tena na mabati. Wanapitia kwangu. Si ndivyo ulivyonifundisha? Nilikuwa nashika, wanakuja."

Fundi hakuwahi tena kumwita Antena kuanzia siku hiyo. Wateja waliendelea, mimi niliendelea, yeye alimwita "mwanangu," na jina lile akilisikia kwa mtu mwingine alijifanya anatafuta kitu droo ya chini.

Nikarudi kwenye kaunta. "Mwalimu, njoo wiki ijayo."

"Kuna kitu kimeungua?"

"Kipo."

Akavaa kofia yake akaenda. Kwa hilo nilimpenda yule mzee.

Daktari wa magonjwa ya akili tuliyempelekea binti alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mwenye viatu vya kutembelea na sauti isiyopanda. Alizungumza kwanza na binti peke yake. Kisha akatuita. Maswali yake yalinifurahisha, kwa sababu yalikuwa ya mtu anayetafuta ubovu kwa mpangilio. Lini mliona badiliko la kwanza kabisa, hata dogo? Anasikia sauti moja au nyingi? Zinazungumza naye, au zinamzungumzia zenyewe kwa zenyewe? Zinamwamrisha? Anadhani watu wanajua mawazo yake? Analala? Anakula? Aliwahi kuumia kichwa, kupata degedege? Anavuta kitu, anakunywa kitu? Katika ukoo yupo aliyewahi kuugua hivi?

"Kwetu hayupo," akasema Fundi upesi.

Wifi yangu, aliyekuja bila kualikwa, akakohoa. "Kaka. Baba mdogo."

"Baba mdogo alikuwa mkorofi tu."

"Alikaa chumbani miaka akizungumza na dirisha. Huo ni ukorofi wa aina gani?"

Daktari akaandika. Wifi yangu ana makosa yake, lakini siku hiyo nilimwona wa maana.

Wakampima damu na mkojo, wakatazama maambukizi, wakatazama tezi ya shingoni, ili kuondoa yale mengine yanayoweza kuleta hali hiyo. Yote yakarudi safi. Fundi aliyatazama yale majibu kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mzima," akasema.

"Vipimo hivi vinaniambia ni nini hana," daktari akajibu. "Alicho nacho sikipati kwenye damu. Nakipata kwa kumsikiliza yeye, kwa kuwasikiliza ninyi, na kwa kuangalia muda uliopita."

"Yaani hakuna mita ya kuupimia."

"Hakuna, baba."

"Sasa utajuaje?"

"Kwa dalili zilizokaa pamoja na zisizoondoka. Sauti. Imani kwamba anatumiwa ujumbe, kwamba kuna wanaomfuata. Kujitenga, kuacha kujitunza, kazi kumshinda. Na mnaniambia ilianza mwaka jana. Ugonjwa huu unaitwa skizofrenia. Hakuuleta yeye, na ninyi hamkumpa kwa redio zenu wala kwa malezi. Unatibika. Sisemi utafutika, nasema unatibika. Wako wengi wanaofanya kazi, wana nyumba zao, na wana ugonjwa huu."

Antena akauliza, "Na wao wataondoka?"

"Huenda wakaondoka. Huenda wakapunguza sauti mpaka ukaweza kuendelea na mambo yako. Tutaona pamoja."

Tukarudi nyumbani na vidonge. Mimi ni mtu wa utaratibu, nikaona hapo kazi yangu ni nyepesi: dawa kwa wakati, chakula, usingizi. Na kweli, baada ya wiki kadhaa sauti zilianza kurudi nyuma. Aliacha kumwogopa Mwalimu. Alirudi kuoga bila kusukumwa. Mtaani waliniuliza yuko wapi, nikawaambia.

"Yuko kliniki ya akili, ana skizofrenia, atarudi mchana."

Wifi yangu akanivuta jikoni. "Wifi, huwezi kusema ana presha?"

"Presha ninayo mimi."

"Nakwambia watu watasema."

"Waseme. Nimeishi na Bunge zaidi ya miaka ishirini, nitashindwa na majirani?"

Lakini dawa ile ilichukua malipo yake. Akanenepa. Mate yakamjaa mdomoni. Alitembea kama aliyevaa viatu vya mtu mwingine, na mikono, ile mikono, ikakaza na kutetemeka. Alikaa mezani, akashika chuma cha kulehemu, ncha ikacheza, risasi ikamwagika juu ya saketi. Akajaribu tena. Akakiweka chini, akakunja mikono yake kwapani kama anasikia baridi. Fundi akainuka akaenda nyuma ya nyumba. Nilimkuta amesimama mbele ya ule waya tuliouchimbia, hafanyi kitu.

"Wamenirudishia mtoto bila mikono," akasema.

"Wamekurudishia mtoto."

"Wewe ni mgumu, Mama Antena."

"Mmoja wetu lazima awe."

Bunge nalo lilikuwa limezimwa. Tulidhani ndiyo heshima. Redio zilijaribiwa moja moja, kwa sauti ndogo, mlango umefungwa, na ile karakana ikawa kama nyumba yenye msiba. Hapo ndipo nilipojua kiasi gani nilizipenda zile kelele. Nilikuwa nikiosha vyombo nikajikuta nasubiri matangazo ya sabuni.

Kisha kazi ikaanza kumrudia. Siku moja nilipita nyuma yake nikaona juu ya saketi alama ya risasi ndogo, laini, inang'aa. Nyingine pembeni yake, hivyo hivyo. Sikuwa nimeiona kazi ile kwa miezi. Nilifurahi, nikainama nizione vizuri, na nilipoinuka nilikuwa nimekwisha jua. Mkono ule ulikuwa umetulia mno. Na kiti, sikuwa nimekiona, kilikuwa kimerudi ukutani.

Nilimkuta Fundi kaunta.

"Tangu lini hamezi dawa?"

Hakujifanya hajanielewa. Huyo hakuwa mtu wa uongo. "Aliniomba," akasema. "Alisema anataka kufanya kazi. Uangalie ule mkono."

"Nimeuangalia. Sasa wewe kaangalie macho."

"Yuko sawa."

"Kuna nani nyuma yake hata aegemee ukuta?"

Akasema polepole, "Nilidhani nikimrudishia mikono, mengine yatakuja yenyewe."

Alikuwa na uchungu wa fundi na uchungu wa baba, na vyote viwili vilimwambia kitu kimoja. Tulikwenda kliniki watatu siku hiyo hiyo, binti akitazama nyuma kila kona, baba yake akitembea upande ule ule anaoutazama.

Nilitegemea daktari atawafokea. Hakuwafokea. Alisogeza kiti chake mpaka karibu na Antena.

"Niambie wewe. Unataka nini?"

Ikanijia kwamba tangu tuanze mambo haya hakuna aliyemuuliza hilo. Mimi nilimuuliza kama amekula, kama amelala, kama amemeza.

"Nataka mikono yangu," akasema.

"Ungeniambia."

"Nilidhani utasema nichague."

"Mikono kutetemeka ni habari ya kuniletea mimi. Dawa ziko za aina nyingi, tutabadilisha, tutapunguza, tutatafuta inayokuachia mikono. Inaweza kuchukua muda. Ila usiiache peke yako, na usimfanye baba yako mshirika wako, hana uwezo huo." Fundi akatazama sakafu. Antena akatabasamu kidogo, mara ya kwanza kwa wiki hizo.

Wakaweka mapatano. Daktari akamtaka ataje mwenyewe dalili zake za mwanzo, zile zinazokuja kabla sauti hazijapanda. Akazitaja bila shida: usingizi unakatika, kisha hataki mtu nyuma yake, kiti kinakwenda ukutani, kisha maneno ya watu barabarani yanaanza kumhusu yeye. Akiona hizo, aseme. Akisema, sisi hatutapiga kelele, hatutamhoji, tutakwenda kliniki. Na mimi niliambiwa niache kumuuliza "umemeza?" kila nikipita. Asubuhi mara moja inatosha. Lile lilinishinda kuliko vyote.

Tukitoka, daktari alinibakiza mlangoni. Aliniambia sauti huenda zikarudi siku moja hata dawa zikienda vizuri, msongo tu unatosha, au usingizi. Hilo lina tiba. Alichoogopa yeye ni zirudi na binti atufiche, kwa sababu mara ya kwanza alipotwambia tulipanda naye paani, na mara ya pili kusema kungemgharimu kazi yake. "Mtu akikaa nazo peke yake muda mrefu, kumrudisha kunakuwa kazi," akasema. Nikaenda nyumbani na neno hilo, na nililibeba miaka.

Fundi alijifunza. Ilimwia vigumu, maana yeye aliamini kila sauti ina chanzo na chanzo kinaweza kukamatwa kwa koleo. Akawa anasema, kama anasoma mahali, "Mimi sizisikii, mwanangu. Lakini naona zinakusumbua. Tufanye nini?" Mwanzoni binti alimcheka. "Baba unaongea kama daktari." "Nalipwa kama daktari?" "Hapana." "Basi niache nijifunze bure."

Dawa ya pili ilimlaza mno. Ya tatu ilimfaa. Unene haukuondoka wote, na asubuhi alikuwa mzito mpaka chai ya pili. Mtetemo ulibaki mdogo, unaokuja akiwa amechoka. Alijifunza kuusubiri. Alianza na kazi kubwa kubwa, kubadilisha spika, nyaya za umeme, akarudi polepole kwenye vitu vidogo.

Na ni yeye aliyelirudisha Bunge. Tulikuwa tunakula, akasema, "Mmezima redio kwa ajili yangu?"

"Ndiyo," nikasema.

"Kimya ndicho kinachowapa nafasi. Nikiwa na muziki karibu, wanakuwa mbali."

Basi tukawasha moja, ya muziki, karibu na kiti chake, kitufe cha sauti kikiwa mkononi mwake. Baada ya muda akaongeza ya mpira. Mahubiri alikataa, mchezo wa kuigiza alikataa pia: "Yule mwanamke aondoke au akae, amenichosha." Bunge likakutana tena, na wabunge wachache. Mwalimu alipoisikia akavua kofia mlangoni.

Siku ninayoikumbuka zaidi ilikuja baadaye, kazi zikiwa zimetulemea. Bibi mmoja alikuwa kaunta akisubiri redio yake, mimi nafungua vifurushi vya vipuri, Fundi ana bisibisi ndani ya kitu fulani. Antena alikuwa katikati ya meza. Akasema, wala hakupaza sauti, "Baba, Mama. Usingizi unanikatika siku kadhaa sasa. Na tangu jana nataka kuvuta kiti."

Nilihisi miguu yangu ikitaka kusimama na mdomo wangu ukitaka kuuliza kama amemeza. Nikaufunga. Nilimtazama Fundi. Alikuwa ameinua macho kwenye rafu, kwa mazoea, ile ya tatu, ile ya nne. Kisha akaweka bisibisi chini.

"Twende sasa," akasema, "au umalize hiyo kwanza?"

"Nimalize. Umebaki waya mmoja."

Tukasubiri. Alishika chuma, ncha ikacheza. Akakiinua, akavuta pumzi, akasubiri mkono wake kama mtu anayesubiri gari lipite avuke. Akajaribu tena, na risasi ikakaa. Haikuwa nzuri kama zile za zamani. Ilikuwa imara. Akaigonga kwa ukucha, akazima chuma, akaenda kuchukua viatu.

Fundi alikuwa amekwisha vaa vyake.

"Mnafunga?" bibi akalalamika. "Na redio yangu? Mnaenda wapi wote?"

Nilifungua mdomo, maana katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kusema mambo yalivyo. Antena akaniwahi.

"Kliniki, bibi. Mimi ndiye naumwa. Njoo kesho, utaikuta tayari."

Haikuwa kesho, ilikuwa kesho kutwa. Lakini aliikuta.